NIDHAMU YA NAFSI: MASOMO TISA KUTOKA KALENDA



Kama ulivyozoea kuona, kila asubuhi mwanachama wa zamu huandika mambo matatu kwenye ubao wa chama: tarehe ya siku, tukio moja la historia lililotokea tarehe hiyo, na wazo fupi la kutafakari. Wengi wetu huupita ubao huo mbio mbio tukikimbilia uji. Katika makala haya nimekusanya tarehe tisa, tatu kwa kila muhula, na zote nimezifungia kwenye mada moja: nidhamu ya nafsi.

Kwa nini mada hii? Kwa sababu kuna swali linalotukabili shuleni kila siku. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001. Tangu hapo wako wazee wanaosema, tena kwa uchungu, ati nidhamu iliondoka pamoja na kiboko. Nasi wanafunzi wakati mwingine tunawapa ushahidi. Mwalimu wa zamu akiingia darasani wakati wa prepu, kimya kinatanda, hata inzi unamsikia. Akitoka tu, soko la Isiolo siku ya mnada lina afadhali! Je, wazee hao wamesema kweli? Mtu hawezi kujitawala bila kuchungwa? Hebu tulichunguze jambo hili hatua kwa hatua.

MAANA YA NENO LENYEWE

Tuanze na lugha, maana sisi ni watu wa lugha. Neno "nidhamu" lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni mpango au utaratibu. Mzizi huo huo umetupa kitenzi "kunudhumu", yaani kutunga shairi. Ukiufuata mzizi wenyewe unakuta maana ya kupanga vitu kwenye uzi mmoja, kama lulu. Na Kiswahili chetu kina kitenzi kinachofanana na huo kabisa: "kutunga". Twatunga shairi, na twatunga shanga.

Kwa sisi wa Isiolo mfano huu hauhitaji maelezo marefu. Nani hajawaona akina mama wa Kisamburu na Kiturkana wakitunga shanga? Shanga zikiwa kwenye bakuli ni nzuri, rangi zote zipo, lakini huwezi kuzivaa. Zinahitaji uzi. Siku zetu ni shanga, na nidhamu ndiyo uzi. Mwanafunzi anaweza kuwa na akili nyingi, vitabu vizuri na walimu hodari, lakini pasipo uzi vyote hivyo hubaki bakulini.

Sasa tutazame vitenzi vinavyoandamana na mada yetu: kujizuia, kujituma, kujinyima, kujikaza, kujitawala. Umeona kiambishi "-ji-"? Wanasarufi wanatufundisha kwamba kiambishi hiki huonyesha kuwa mtenda na mtendwa ni mmoja. Nikisema "mwalimu alimzuia", kuna watu wawili. Nikisema "alijizuia", yuko mmoja tu, anayezuia na anayezuiwa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya nidhamu ya kiboko na nidhamu ya nafsi. Ya kwanza yahitaji watu wawili, na mmoja akiondoka mchezo umekwisha. Ya pili hubaki na mtu hata gizani.

SOMO LA MALISHO

Kabla hatujaifungua kalenda, tupate mfano wa hapa nyumbani. Waborana wa Isiolo wana utaratibu wa zamani wa kutunza malisho uitwao dedha. Wazee wa dedha huigawa nchi katika sehemu: malisho ya wakati wa mvua, malisho ya kiangazi, na malisho ya akiba yanayosubiri ukame mkali. Wakati wa mvua mifugo hupelekwa mbali, ili nyasi za karibu na visima na mito ya kudumu zipumzike. Hata kwenye visima kuna msimamizi wa zamu, aba herega, anayepanga ni mifugo ya nani inywe lini.

Fikiria jambo hili vizuri, ndugu yangu. Nyasi za akiba ziko pale, kijani, zinaonekana kwa macho. Ng'ombe wanalia. Hakuna ukuta wala seng'enge. Mchungaji angeweza kuingiza kundi lake usiku, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini kila anayefanya hivyo anakula leo chakula cha siku ya dhiki, tena si chake peke yake, bali cha jamii nzima. Ndiyo maana wazee hutoza faini. Na ndiyo maana Azimio la Modogashe la mwaka 2001, lililowakutanisha wazee wa jamii mbalimbali za kaskazini, lilisisitiza kwamba mfugaji asiingie kwenye malisho ya jirani kabla ya kuomba ruhusa.

Akiba haiozi, walisema wahenga. Nidhamu ya nafsi ni dedha ya moyoni. Ni kuyaacha majani mabichi ya leo kwa ajili ya ukame utakaokuja. Na ukame wa mwanafunzi unajulikana: ni ile asubuhi unapoketi mbele ya karatasi ya mtihani. Hapo ndipo utajua kama uliacha akiba au ulimaliza nyasi zote kwa porojo na usingizi.

Basi tuifungue kalenda.

MUHULA WA KWANZA

12 Januari: Mzee Maruge aingia darasa la kwanza (2004)

Serikali ilipoanzisha elimu ya msingi bila malipo mwaka 2003, ilikuwa inawafikiria watoto. Lakini tarehe 12 Januari 2004, Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret. Alikuwa na umri wa miaka 84. Alivaa sare, kaptura na soksi ndefu, akaketi na watoto wanaolingana na vitukuu vyake. Kitabu cha rekodi cha Guinness kilimtambua kuwa mtu mwenye umri mkubwa zaidi kuanza shule ya msingi. Mwaka 2005 alisafiri hadi New York kwenye Umoja wa Mataifa kutetea elimu. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilipomtupa katika kambi ya wakimbizi wa ndani, hakuacha kwenda shule. Alifariki tarehe 14 Agosti 2009.

Tafakari: Kilichokuwa kigumu kwa Mzee Maruge hakikuwa herufi. Kilikuwa macho ya watu. Wengi wetu tunaona haya kuinua mkono na kusema "mwalimu, sijaelewa", kwa kuogopa kuchekwa na wenzetu wa rika moja. Yeye alichekwa na dunia nzima, na bado aliinua mkono. Nidhamu ya kwanza ni kuanza bila kujali kicheko.

11 Februari: Mandela atoka gerezani (1990)

Nelson Mandela alifungwa miaka 27, na 18 kati ya hiyo aliishi katika Kisiwa cha Robben, ambako wafungwa walipasua mawe na kuchimba chokaa juani. Gerezani kila kitu kiliamuliwa na askari: saa ya kuamka, chakula, hata barua za kupokea. Lakini Mandela alitafuta sehemu ndogo ambayo askari hawakuweza kuiamua. Asubuhi na mapema alifanya mazoezi ndani ya chumba chake, akikimbia papo hapo. Aliendelea na masomo ya sheria kwa njia ya posta. Tena alijifunza Kiafrikana, lugha ya wale waliomfunga, ili awaelewe na aweze kuzungumza nao.

Tafakari: Shule ya bweni si gereza, ingawa wako wanaoiita hivyo siku ya mwezini kati ya muhula. Lakini kuna fundisho. Ratiba ikibanwa na kengele, bado kuna vipande vya siku ambavyo ni vyako: robo saa kabla ya kengele ya asubuhi, dakika kumi baada ya chakula cha mchana. Swali si muda uliopewa. Swali ni umeufanyia nini ule ulio wako.

26 Machi: Moto wa Kyanguli (2001)

Tarehe hii hatuiandiki kwa furaha. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos, liliteketea. Wavulana 67 walikufa. Moto ule haukuwa ajali, uliwashwa kwa petroli, na wanafunzi wawili wa shule hiyo hiyo walishtakiwa.

Maskini ya Mungu! Waliokufa walikuwa wamelala tu. Wengine labda walikuwa wameota nyumbani.

Tafakari: Kila shule ina manung'uniko. Maharagwe yana wadudu, maji yamekatika, mwalimu fulani ameonea mtu. Manung'uniko si kosa, na mengine ni ya haki kabisa. Lakini kati ya hasira na kitendo pana nafasi ndogo, pengine ya dakika moja tu, na nidhamu ya nafsi huishi katika nafasi hiyo. Hasira hasara, na hasara nyingine hairudi. Ukisikia mwenzako akinong'ona gizani mambo ya kiberiti, usijiambie "si shughuli yangu". Kumwambia mwalimu wakati huo si usaliti. Ni kuokoa maisha, na moja la maisha hayo ni lake huyo huyo mwenzako.

MUHULA WA PILI

5 Juni: Miti saba ya Wangari Maathai (1977)

Siku ya Mazingira Duniani mwaka 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Saba tu! Si yote iliyosalia. Lakini huo ndio uliokuwa mwanzo wa shughuli zilizokuja kuitwa Green Belt Movement. Alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kupata tuzo hiyo, shirika lake lilikuwa limepanda zaidi ya miti milioni 30, wengi wa wapandaji wakiwa akina mama wa vijijini.

Tafakari: Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sisi wa Isiolo tunalijua hilo. Mgeni akija hupewa mche, anaupanda, anapigwa picha, watu wanapiga makofi. Wiki mbili baadaye mche ni kijiti kikavu, au umeliwa na mbuzi. Kupanda ni kazi ya siku moja. Kumwagilia ni nidhamu. Ndivyo ilivyo na maazimio yetu ya siku ya kufungua shule: tunayapanda kwa kelele, kisha hakuna anayeleta maji.

7 Julai: Sabasaba na Siku ya Kiswahili Duniani

Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam, na Kiswahili kikawa lugha yake ya kuwaunganisha watu wa makabila zaidi ya mia moja. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliitangaza tarehe hiyo kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Kiswahili kikawa lugha ya kwanza ya Kiafrika kutengewa siku yake na shirika hilo, na tangu 2022 tunaisherehekea kila mwaka.

Tafakari: Mbona lugha iwe jambo la nidhamu? Kwa sababu lugha haijifunzi kwa sherehe. Hujifunzwa kwa msamiati tano leo, tano kesho. Haba na haba hujaza kibaba. Mwanafunzi anayejifunza maneno matano kila siku ya shule, na kuyatumia, hatahitaji kukesha na kamusi wiki ya mtihani. Tena tuwe wakweli: kuzungumza Kiswahili sanifu kwa wiki nzima bila kuteleza kwenye Sheng ni mtihani mkubwa kuliko ule wa hisabati. Jaribu uone!

14 Julai: Kumkumbuka Dekha Ibrahim Abdi (2011)

Huyu ni wa kaskazini yetu, mzaliwa wa Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilikuwa zikiuana kwa sababu ya malisho, maji na siasa. Dekha Ibrahim Abdi na akina mama wenzake walianzia mahali padogo ambapo wangeweza kupafikia, yaani sokoni. Walihakikisha kwamba mama wa ukoo wowote anauza na kununua bila kutukanwa wala kufukuzwa. Kutoka sokoni wakawaendea wazee na vijana, na mwaka 1993 wazee wa koo wakakubaliana juu ya amani katika Azimio la Al Fatah. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Alifariki tarehe 14 Julai 2011, baada ya ajali ya barabarani.

Tafakari: Hapa Isiolo tunaishi Waborana, Waturkana, Wasomali, Wameru, Wasamburu na wengine wengi. Mara kwa mara habari mbaya hufika shuleni: mifugo imeibwa, mtu ameuawa mahali fulani. Siku hiyo mezani unaona watu wanaanza kuketi kikabila. Mtihani wa nidhamu ni hapo. Je, unaweza kumpa mwenzako kikombe cha chai kama ulivyompa jana? Yeye hakuiba ng'ombe. Alikuwa nawe kwenye prepu! Kujizuia kusema neno moja la kuchoma siku kama hiyo ni ushujaa, ingawa hakuna atakayekupigia makofi.

MUHULA WA TATU

12 Oktoba: Kipchoge avunja kizuizi cha saa mbili (2019)

Mjini Vienna, Austria, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi, kwa sababu wakimbiaji wa kumsaidia mwendo walipokezana njiani, lakini alikuwa mtu wa kwanza kukimbia umbali huo chini ya saa mbili. Watu waliona zile saa mbili. Hawakuona kambi ya Kaptagat, ambako bingwa huyo aliamka alfajiri na wenzake, akashika zamu ya kusafisha vyoo kama mtu mwingine yeyote, na kuandika mazoezi yake kwenye daftari kila siku.

Tafakari: Hebu jiulize, bingwa wa Olimpiki anasafisha choo, nawe umejificha bwenini siku ya usafi?

14 Oktoba: Kumkumbuka Mwalimu Nyerere (1999)

Mwalimu Julius Nyerere alifariki mjini London tarehe hii. Sisi wa chama tumkumbuke kwa jambo moja. Akiwa kiongozi wa nchi changa, yenye shida zote za nchi changa, alipata wakati wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Juliasi Kaizari ilitoka 1963, na Mabepari wa Venisi ikatoka 1969.

Tafakari: Rais alipata nafasi. Nani tena atasema "sina wakati wa kuandika insha"?

20 Oktoba: Siku ya Mashujaa

Hapa tukae kidogo, maana tarehe hii imebeba mzigo mkubwa.

Jioni ya tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la hali ya hatari, na usiku huo Jomo Kenyatta na viongozi wengine wakakamatwa. Walishtakiwa Kapenguria, wakafungwa Lokitaung kule Turkana. Kenyatta baadaye alizuiliwa Maralal, kwa majirani zetu, hadi mwaka 1961. Kwa miaka mingi tuliiita Siku ya Kenyatta. Katiba ya 2010 ikaifanya Siku ya Mashujaa wote.

Miaka 16 baadaye, tarehe hiyo hiyo, 20 Oktoba 1968, Waafrika Mashariki wawili walikuwa Mexico City kwenye Michezo ya Olimpiki.

Wa kwanza ni Kipchoge Keino wetu. Alikuwa mgonjwa, kibofu cha nyongo kilikuwa kikimtesa, na madaktari walimshauri asikimbie. Tarehe 13 Oktoba, katika mbio za mita 10,000, maumivu yalimwangusha mizunguko michache kabla ya mwisho. Tarehe 17 alipata fedha katika mita 5,000. Tarehe 20 akaingia fainali ya mita 1,500 dhidi ya Mmarekani Jim Ryun, aliyekuwa anashikilia rekodi ya dunia. Ben Jipcho, Mkenya mwenzake, aliongoza mwanzo kwa kasi kubwa huku akijua kwamba kasi hiyo itamgharimu yeye mwenyewe. Keino akachukua uongozi na kumaliza kwa dakika 3 na sekunde 34.9, karibu sekunde tatu mbele ya Ryun. Dhahabu!

Wa pili ni John Stephen Akhwari wa Tanzania, mzaliwa wa Mbulu, katika marathoni ya siku hiyo. Hewa nyepesi ya mji ule ulio juu ya mita 2,200 ilimkaza misuli. Kisha wakimbiaji wakagongana, akaanguka, akaumia goti na bega. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Medali zikatolewa, watu wakaanza kwenda zao, giza likaingia. Ndipo Akhwari akaonekana, goti limefungwa bendeji, akichechemea na kukimbia kwa zamu. Alivuka mstari kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, yaani wa mwisho kabisa miongoni mwa waliomaliza. Zaidi ya kumi walikuwa wameacha njiani, tena bila aibu yoyote. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali namna ile ili aanze mbio, ilimtuma azimalize.

Tafakari: Siku moja, mji mmoja, mmoja alipata dhahabu na mwingine akafika gizani. Dunia inawakumbuka wote wawili. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja alifanya kiasi kile kile: yote aliyoweza. Sio wote darasani watapata alama ya A. Tuseme ukweli, wengine wetu tuko nyuma sana, karo imetuweka nyumbani wiki tatu, ukame umemaliza mifugo ya baba, au hesabu haziingii kichwani. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, kuingiza mwakenya kwenye chumba cha mtihani huonekana kama msaada. Lakini mwenye mwakenya hakumaliza mbio, amepanda gari. Na anayelipwa kwa gari hilo ni hofu, kwa sababu atajua siku zote kwamba cheti kile si chake. Afadhali kuchechemea.

JINSI YA KUFANYA KILA SIKU

Nadharia bila vitendo ni ngoma bila ngozi. Chukua daftari dogo, hata la kurasa 32. Kila asubuhi andika mistari mitatu:

1. Tarehe na tukio la siku. Ukikosa, uliza mwalimu wa historia au tafuta maktabani.
2. Ahadi moja ndogo inayoweza kupimwa. Usiandike "nitakuwa na bidii". Andika "nitafanya maswali manne ya hisabati kabla ya chakula cha jioni".
3. Usiku, kabla taa hazijazimwa, andika neno moja: NIMETIMIZA au SIJATIMIZA.

Usiandike visingizio. Ukikosa leo, kesho anza upya bila kujilaani. Shanga moja ikianguka, hatutupi uzi. Tunaendelea kutunga. Na ahadi iwe ndogo kweli kweli, kwa sababu mtaka yote hukosa yote.

MASWALI YA MJADALA

1. Mandela na viongozi wa 1952 walihukumiwa kwa sheria za wakati wao. Je, walikuwa watovu wa nidhamu? Toa sababu, na ueleze tofauti kati ya nidhamu na woga.
2. Linganisha utaratibu wa dedha na ratiba yako ya masomo. Malisho yako ya akiba ni yapi, na nani anayaingilia usiku?
3. Tunga sentensi tano ukitumia vitenzi vyenye kiambishi "-ji-" vinavyohusu kujitawala.
4. Kati ya Keino, Jipcho na Akhwari, ni nani aliyeonyesha nidhamu kubwa zaidi? Jadilini kwa makundi.

HITIMISHO

Turudi kwenye swali la wazee wetu. Je, nidhamu iliondoka na kiboko? Hakuna mwalimu aliyemsimamia Mzee Maruge kwa fimbo. Hakuna aliyemlazimisha Akhwari amalize, wala aliyewaamuru akina mama wa Wajir waende sokoni. Na mchungaji anayezipita nyasi za akiba usiku wa manane, akiwa peke yake na nyota, hachungwi na mtu. Kilichoondoka na kiboko ni hofu. Nidhamu haikuwahi kukaa kwenye kiboko, ilikuwa ikisubiri tuiweke mahali pake.

Lakini, wenzangu, jambo hilo halithibitishwi kwa makala. Litathibitishwa leo usiku, wakati wa prepu, mwalimu wa zamu atakapotoka na kufunga mlango nyuma yake.